Jumamosi Ni ya Nani? Historia Fupi ya Wiki ya Bujumbura

Ukiwauliza watu wa Bujumbura hapa kambini historia ya mji wao, watakuhesabia miaka: 1972, 1993, 1996, 2015. Ni miaka ya kweli, na kila mmoja una makaburi yake. Lakini watoto wetu waliozaliwa huku wanaijua Bujumbura kwa miaka hiyo tu, utafikiri watu wake walikuwa na kazi moja, kukimbia. Hata fomu tunazojaza zinakwenda njia hiyo hiyo: ulitoka lini, kwa sababu gani, ulipita mpaka gani. Hakuna fomu inayouliza, Jumamosi ulikuwa unafanya nini?

Mimi nataka kuandika historia ya hiyo Jumamosi, pamoja na Jumatatu yake na Jumapili yake. Si kwa sababu ya kukumbuka nyumbani tu. Ukiangalia vizuri utaona jambo moja: tangu mji uanze, kila aliyetawala alitaka kuwapangia watu saa. Saa ya kutoka, saa ya kazi, saa ya kusali, saa ya kulala. Na kila mara watu wa mji walijitafutia saa zao wenyewe. Mvutano huo hauandikwi sana vitabuni, lakini ndiyo maisha tuliyoishi.

NYUMBANI

Mji ulianza kama kituo cha askari wa Kijerumani kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19, ukiitwa Usumbura. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wabelgiji waliuchukua, baadaye wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Kando ya kituo walikuja kukaa wafanyabiashara kutoka Ujiji, watu wa Manyema, Waarabu, Wahindi, na Warundi walioshuka kutoka milimani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Huko milimani neno "umuswahili" lilikuwa na maana ya mtu mjanja, mdanganyifu. Mjini lilikuwa na maana ya jirani.

Wabelgiji waligawa mji kwa rangi ya watu. Wazungu upande wao. Waasia mtaa wao, ambao mpaka leo unaitwa Asiatique. Waafrika Buyenzi na "Belge", ambayo leo ni Bwiza. Katika miaka ya 1950 shirika la nyumba lililoitwa OCAF likajenga mtaa mwingine. Jina lake rasmi ni Ngagara, lakini wazee mpaka leo wanakwambia "nakwenda OCAF".

Buyenzi barabara zina namba. Mtu hakuelekezi kwa jina la mkubwa fulani, anakwambia avenyu ya ngapi, basi. Ndani ya parseli moja kuna vyumba vingi vinavyozunguka uwanja mmoja, na familia tatu au nne. Bomba moja, mbabula kadhaa za makaa, harufu ya ndagala na sombe. Huyu anasali msikitini Ijumaa, yule anakwenda misa Jumapili, na mtoto akilia anabembelezwa na aliye karibu. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya wengi wetu.

Serikali ya kikoloni iliingia mpaka ndani ya parseli hizo. Iliweka kodi maalumu kwa wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Mjane, mwanamke aliyeachwa, mke wa pili ambaye ndoa yake Wabelgiji hawakuitambua, wote waliwekwa kapu moja na wanaouza miili yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi walikataa. Walisema kodi hiyo inawavunjia heshima, na wakasimama kuipinga mbele ya wakubwa wa wakati ule. Tukisimulia habari za uhuru tunataja wanaume na vyama. Tuwataje na hawa. Kabla nchi haijadai bendera, bibi zetu walidai kwamba mlango wa nyumba ni wao, na kwamba mwanamke aliyekaa uwanjani kwake jioni hana deni kwa mtu yeyote kwa kukaa pale.

Vyama navyo vilipita uwanjani hapo hapo. Mwanamfalme Louis Rwagasore alianza na ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na wafuasi wake wa mwanzo wengi walikuwa wauzaji wa Buyenzi na Belge. Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule, siku ya Ijumaa jioni, alipigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa. Uhuru ulikuja bila yeye, tarehe 1 Julai 1962. Ilikuwa Jumapili. Usumbura ikawa Bujumbura.

KAZINI

Kazi ya Bujumbura inaanza gizani. Kabla jua halijatoka, vijana wa baisikeli wameshatelemka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, breki zinalia kwenye kona. Kurudi juu wanashika nyuma ya lori ili liwavute. Ni hatari kubwa na kila mtu anajua, lakini hakuna aliyewapa njia nyingine ya kupanda mlima ule.

Kwenye ziwa kazi inamalizika wakati huo huo. Wavuvi wa ndagala wanakesha na taa, maana samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, ndagala hawakusanyiki, na mitumbwi inakaa pwani. Kwa hiyo wavuvi wana wiki yao peke yao, na wikendi yao inaletwa na mwezi. Hakuna serikali iliyoweza kuibadilisha hiyo.

Wengine walikwenda Brarudi, kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1955, au bandarini, ambako mizigo ilitoka Kigoma, mwisho wa reli ya Dar es Salaam iliyokamilika mwaka 1914. Wengine walikuwa COTEBU, kiwanda cha vitambaa. Wenye kazi za ofisi walitoka saa sita mchana kwenda kula nyumbani na kurudi saa nane. Msiidharau saa mbili hizo. Baba aliyeajiriwa aliwaona watoto wake mchana, sahani moja ya ugali na maharage iliwakutanisha, habari za mtaa zikasemwa, halafu kila mtu akarudi kwake.

Katikati ya miaka ya 1980 ugomvi wa saa ulifika mpaka kanisani. Serikali ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza ilipiga marufuku misa katika siku za kazi, ikisema watu wanapoteza muda wa kujenga nchi. Mapadre wakafungwa, wamisionari wakafukuzwa. Watu waliendelea kusali majumbani kwa sauti ya chini. Bagaza alipopinduliwa Septemba 1987, mambo ya kwanza kulegezwa ni hayo ya makanisa. Ajabu, sivyo? Mtu anaweza kutawala jeshi lote na bado akashindwa na kikundi cha mama wanaosali Jumatano.

Halafu vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mji ukaanza kukatwa vipande. Mitaa iliyokuwa imechanganyika ikawa ya kabila moja moja. Kulikuwa na siku za "ville morte", mji mfu, ambapo vijana walifunga barabara na aliyetoka kwenda kazini alihatarisha roho yake. Buyenzi na Bwiza ziliendelea kuwa za watu wote kwa muda, mpaka mwishoni mwa Machi 1995, zilipovamiwa, watu wakauawa, na maelfu wakavuka kwenda Uvira. Usiku ulikuwa wa kuvrefe, marufuku ya kutembea. Mtoto wa wakati ule alijua saa kwa masikio: kabare zimenyamaza, bisi ya mwisho imepita, sasa ni buti peke yake. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2006. Kuna watu walioolewa na kuzaa bila kuijua Bujumbura ya saa saba usiku.

Kamenge nayo ilihamwa na kuharibiwa, lakini huko huko kulikuwa na kituo cha vijana kilichofunguliwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, Centre Jeunes Kamenge. Vijana wa mitaa sita ya kaskazini, iliyokuwa inapigana, walikutana pale kwa mpira, vitabu na kazi za ujenzi. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood. Watu wa misaada wanaosoma hapa wanajua maana ya neno "mradi". Pale hakikuwa kitu kigumu: kulikuwa na saa ya mpira, na saa hiyo iliheshimiwa.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mara ya pili. Siku chache baadaye nchi jirani, zikikutana Arusha, zilitangaza vikwazo. Mafuta yakapanda, sukari na chumvi zikapanda, bandari ikapoa. Vikwazo vilikaa mpaka Januari 1999. Lakini katika juma lile lile la kwanza, Jumamosi tarehe 3 Agosti, huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 na kuipa Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya dhahabu. Yeye alikuwa hodari wa mita 1,500, ila nafasi hiyo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyengoja miaka mingi kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Juma moja, na ndani yake mapinduzi hayajapoa, mpaka umefungwa, na Mrundi mmoja amempisha mwenziwe halafu akashinda. Ukimsimulia mtoto mwaka 1996, mpe na hii.

JUMAMOSI

Baada ya vita, kuanzia 2005, Jumamosi asubuhi ikawa ya serikali tena: ibikorwa rusangi, kazi za pamoja. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, watu wanatoka na majembe na mifagio kufyeka mitaro au kujenga madarasa. Wapo walioipenda, kwa kuwa shule zilijengwa kweli. Wapo walioona ni amri tu. Wengi walikuwa yote mawili kwa siku moja: wananung'unika wakienda, wanacheka wakirudi.

Ikifika saa tano, Jumamosi inarudi kwa wenyewe. Mchana ni wa harusi. Kwanza kuna gusaba, kuomba mchumba: wazee wa pande mbili wanakaa kwenye viti vya plastiki na kushindana kwa maneno, huyu anasifu ng'ombe ambaye hayupo, yule anajifanya hajui kama nyumba hii ina binti. Bia inakuja, Primus kubwa, na Fanta kwa Waislamu na Walokole. Anayeimba anaimba. Hata miaka ya vita harusi zilifanyika, ila zilianza mapema ili wageni wafike makwao kabla ya kuvrefe.

Na alfajiri ya Jumamosi na ya Jumapili, kuna mbio. Mgeni akifika Bujumbura hilo ndilo linamshangaza: makundi ya watu, vijana na wazee, wanawake na wanaume, wanakimbia pamoja kwa mstari, wakiimba na kupiga makofi, kupanda vilima vya juu ya mji. Nimesikia wengi wakisema desturi hii ilikua miaka ya vita, kwamba tulijifunza kukimbia kwa hofu halafu tukabaki na mbio hofu ilipopungua. Sijui kama kuna maelezo mazuri kuliko hayo ya jinsi watu wanavyopona.

Tarehe 8 Machi 2014, siku ya Jumamosi, wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD na polisi walipambana mjini. Serikali ilisema mbio za makundi zimekuwa kifuniko cha maandamano. Kabla mwezi haujaisha, watu 21 walihukumiwa kifungo cha maisha, na mbio za makundi zikapigwa marufuku isipokuwa kwenye viwanja vilivyopangwa. Habari ikazunguka dunia nzima, watu wa mbali wakacheka: nchi inakataza jogingi! Sisi hatukucheka. Tulielewa kwamba asubuhi imechukuliwa.

JUMAPILI

Jumapili ya kawaida ina sehemu tatu. Asubuhi ni kanisa, nguo zimepigwa pasi ya makaa. Regina Mundi inajaa, na makanisa madogo ya Kinama na Musaga yanajaa mpaka nje. Mchana ni mpira. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1992, Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kufungwa na Africa Sports ya Abidjan. Mpaka leo hapa kambini ubishi kuhusu kikosi kile haujaisha, na wanaobishana ni watu waliotoka mitaa ambayo mwaka uliofuata haikuzungumza tena. Jioni ni ziwa. Wenye pesa wanakula mukeke wa kuchoma na ndizi, wasio na pesa wanatembea mchangani wakitazama milima ya Congo ikibadilika rangi ng'ambo, na viboko wakitoa vichwa.

Jumapili pia ndiyo siku soko kuu lilipoungua. Ilikuwa tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, wauzaji wengi wako kanisani au nyumbani. Moto ulikula siku nzima. Zimamoto walikuwa wachache na maji hayakutosha, mpaka Rwanda ikaleta helikopta. Maelfu ya watu walipoteza vibanda, na wengi walikuwa na mikopo benki juu ya bidhaa zile. Kesho yake, Jumatatu, waliamka kama kawaida. Wakaenda Ruvumera, Jabe, Kwa Siyoni, wakatandika turubai chini, wakaanza na nyanya na nguo za mitumba. Soko kuu lilibaki jivu na kuta, lakini siku ya soko haikufa.

Mwaka 2015, Jumamosi tarehe 25 Aprili, chama tawala CNDD-FDD kilimtangaza Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Jumapili yake, tarehe 26, watu walitoka Musaga, Cibitoke, Nyakabiga na mitaa mingine kuandamana. Mengine yaliyofuata mnayajua, mnayabeba mwilini. Mei ile maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania ufukweni, kipindupindu kikaingia. Meli iliyowachukua kuwapeleka Kigoma ilikuwa Liemba, meli ya Wajerumani iliyoingia majini mara ya kwanza mwaka 1915. Ni meli ile ile ambayo kwa miaka mingi ilibeba wachuuzi na mizigo yao ziwani. Waliokaa kwenye sitaha yake mwezi ule, wengine waliwahi kuisubiri bandarini wakiwa na risiti mkononi.

Waliobaki mjini nao wanaendelea kuvutana na saa. Machi 2022 baisikeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Mafuta yamekuwa haba, na mistari ya kungoja bisi jioni ni mirefu. Ukimpigia simu ndugu yako akakwambia "nimefika nyumbani saa tatu usiku kwa miguu", ujue anakupa habari ya siasa, hata kama hajataja jina la mtu.

SAA ZA HUKU

Kambini wiki ni ya wengine. Kuna siku ya chakula, siku ya alama za vidole, siku ya kibali, siku ya mkutano. Mtoto wa miaka saba anaweza kukwambia tarehe ya mgao lakini hajui Jumapili ina tofauti gani na Jumanne. Hilo linaniogopesha kuliko mvua kwenye turubai. Mtu ambaye wiki yake yote imepangwa na mwingine anaanza kuamini kwamba hata maisha yake ni mgao.

Lakini angalieni vizuri mtaa. Kuna mama anayekaanga mandazi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu huko kwetu ilikuwa hivyo. Kuna wazee wanaofanya gusaba wakimsifu ng'ombe ambaye safari hii hayupo kabisa. Kuna vijana wanaokimbia pamoja alfajiri wakiimba, na hakuna aliyewafundisha nyimbo zile isipokuwa kaka zao.

Kwenu mnaofanya kazi za misaada, ombi langu ni dogo. Mkipanga mkutano au zoezi la kuhesabu watu Jumamosi mchana, ulizeni kwanza nani anaoa. Mkimhoji mtu, baada ya kumuuliza alikimbia nini, muulizeni pia alikuwa anaamka saa ngapi na kazi yake ilikuwa na utamu gani. Majibu hayo hayataongeza kilo ya unga, lakini yatawaonyesha mnazungumza na nani.

Na kwetu sisi wa Buja, wa Buyenzi, wa Kamenge, wa Musaga: kila mmoja aandike wiki moja. Si wiki ya vita. Wiki yoyote ambayo hakuna kilichotokea. Nani alifua siku gani, bomba lilikuwa na maji saa ngapi, bisi ilikuwa bei gani, nani alikuwa fundi wa redio kwenye avenyu yenu, Jumapili mlikula nini. Asiyejua kuandika amsimulie mtoto, mtoto aandike kwenye daftari la shule. Waliotutawala wameandika amri zao na zimehifadhiwa kwenye makabati. Jumamosi zetu hakuna kabati lililozihifadhi, na wazee wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka.